Hilo ua ni ua gani? Nakshi, mimea na fasheni, na kwa nini programu ya simu haiwezi kukusaidia

Kila baada ya muda inaibuka tena. Mtu anapiga picha ya nguzo ya jengo la zamani, au bakuli lenye michoro ya bluu, au skafu aliyorithi kwa bibi yake, anaiposti na swali moja tu: jamani, hili ni jani la mmea gani? Basi hapo ndo vita inaanza. Mmoja anasema papai, mwingine anasema mtende, yupo wa tatu ambaye siku zote atasema bangi, halafu anatokea mwenye ile programu ya kutambua mimea kwa kamera, anaielekezea picha, programu inamtajia jina la Kilatini kwa kujiamini kabisa, akiielekeza mara ya pili inamtajia jina jingine. Watu wanafikia kutukanana kwa sababu ya jani lililochongwa kwenye jiwe.

Shida sio programu, shida ni swali. Anayeuliza hivyo anachukulia kwamba fundi alikaa mbele ya mmea, akautazama, akauchonga. Ilitokea, ila mara chache. Mara nyingi zaidi fundi alikaa mbele ya kazi ya fundi mwenzake. Nakshi ya jani mama yake huwa ni nakshi nyingine ya jani, na mmea wenyewe wa porini ni kama mjomba anayekuja kutembea mara moja moja, analeta zawadi, anavuruga kidogo mambo ya nyumbani, anaondoka zake.

Kwanza tuelewane maneno, maana nusu ya ubishi inatoka hapo. Nakshi ni urembo unaowekwa kwenye kitu ambacho tayari kina kazi yake. Bakuli linashika chakula hata bila maua, nguzo inabeba paa hata bila majani. Motifu ni kile kipande kimoja, ua moja au jani moja, na ruwaza ni namna vipande hivyo vinavyopangwa na kurudiwa mpaka vijaze eneo. Sanaa za mapambo ni jina la jumla la vitambaa, vyombo, fanicha, mazulia, vigae, karatasi za ukutani, vito na kadhalika, yaani vitu ambavyo kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliviweka daraja la chini ya picha za kuchora na sanamu, kana kwamba kufuma zulia hakuhitaji akili. Na fasheni, tusiifanye ngumu, ni ile hali ya watu wengi kukitaka kitu kwa wakati mmoja halafu kukichoka kwa wakati mmoja.

Sasa fikiria emoji ya moyo. Hakuna aliyewahi kufungua kifua cha mtu akakuta kitu chenye nundu mbili juu na ncha chini. Na mbunifu anayechora emoji mpya ya moyo haendi buchani kuangalia moyo unafananaje, anaangalia emoji zilizopo, anazirekebisha kidogo, imeisha hiyo. Nakshi za mimea zimeishi hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka.

Chukua ile inayoitwa lotasi ya Misri. Iko kila mahali kwenye makaburi na mahekalu ya mafarao, ua lenye petali zilizochanua kama feni ya mkono, wakati mwingine mtu amelishika karibu na pua ananusa. Vitabu vingi vimeandika lotasi, na wasomaji wakawaza lile ua la pinki la Asia analokalia Buddha. Sio hilo. Ni yungiyungi la majini, la bluu na jeupe, ukoo mwingine kabisa, na lotasi ya kweli ilifika Misri kwa kuchelewa sana, karibu na zama za utawala wa Waajemi. Kuzitofautisha kwenye bwawa ni rahisi, jani la yungiyungi linalala juu ya maji na lina mkato kama keki iliyotolewa kipande kimoja, jani la lotasi ni duara zima na linasimama juu ya maji kwa kikonyo chake kama mwavuli. Yungiyungi la bluu linafunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana, ndo maana Wamisri walilihusisha na jua na kuzaliwa upya.

Hapo mjomba alikuwa nyumbani, mmea ulikuwepo kweli, watu waliuona kila siku. Lakini angalia kilichofuata. Ua lile likachukuliwa na mafundi wa Asia Magharibi, petali zikawa vidole vilivyopangwa juu ya vikunjo viwili, tunaita palmeti, kwa sababu baadaye watu waliliona wakawaza mtende. Wagiriki wakalichukua, wakazipanga palmeti kwenye mstari, moja imefunguka, inayofuata imefumba, moja imefunguka, inayofuata imefumba, wakaziunganisha kwa kamba zinazojikunja, wakazichora kwenye mitungi na kuzichonga juu ya majengo. Kufikia hapo hakuna fundi hata mmoja anayeangalia bwawa. Ni kama skrinshoti ya skrinshoti, kila mmoja anakata pembeni kidogo, anaongeza kitu kidogo, anatuma mbele.

Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, William Goodyear, akatoa kitabu kizima kudai kwamba karibu nakshi zote za kale zinatokana na hilo ua la Misri. Alizidisha, ukimsoma unaona kabisa amekuwa kama mtu mwenye nyundo anayeona misumari kila mahali. Lakini miaka miwili baadaye, 1893, Alois Riegl, Mwaustria aliyekuwa akitunza vitambaa kwenye makumbusho ya Vienna, akalichukua wazo hilo na kulikaza vizuri zaidi. Na kesi yake kubwa ilikuwa jani la akantho.

Akantho unaijua hata kama hujui jina. Ni lile jani nene lililokatwakatwa pembeni, ncha zimejikunja nje, linalozunguka vichwa vya nguzo za mtindo wa Korintho, za benki na mahakama na mabunge ya dunia nzima. Asili yake tunasimuliwa na Vitruvius, msanifu wa Kirumi. Binti wa Korintho alifariki akiwa amefikia umri wa kuolewa, yaya wake akakusanya vitu vichache alivyovipenda, akavitia kwenye kikapu, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae cha paa ili visiharibike. Bila kujua alikuwa amekiweka juu ya mzizi wa akantho. Majira ya kuchipua yalipofika majani yakapanda pembeni mwa kikapu, yakafika kwenye pembe za kigae, yakabanwa, yakalazimika kujikunja. Fundi Callimachus akapita, akaona, akatengeneza kichwa cha nguzo.

Hadithi tamu, na inasimuliwa mpaka leo kama vile ni ripoti ya polisi. Tatizo ni kwamba nguzo ya Korintho ya zamani kuliko zote tunazozijua, ile ya hekalu la Apollo kule Bassae, Ugiriki, ni ya mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, na Vitruvius anaandika miaka kama 400 baadaye. Riegl yeye hakuhangaika na kaburi, aliangalia jani. Mmea wenyewe wa akantho unaota chini, majani yanatokea karibu na ardhi, hautambai wala haupandi kitu. Kwenye nakshi sasa, jani hilo hilo linatoka kwenye kamba ndefu zinazojikunja kama mmea mtambaazi. Mmea gani huo? Halafu akaonyesha kwamba majani ya mwanzo ya akantho kwenye kazi za Kigiriki yamekaa palepale ilipokuwa ikikaa nusu palmeti, kwenye kona ileile ya kamba, yakifanya kazi ileile ya kujaza nafasi, ni kwamba tu vidole vya palmeti vimeanza kupata meno, vimekuwa laini, vimegeuka upande. Kwa hiyo kwa Riegl palmeti ndiyo iliyokua ikawa akantho, na jina la mmea likaja baadaye.

Wapo waliompinga mpaka leo, na mi nadhani alivuta kamba kidogo. Fundi wa Kigiriki aliishi mahali akantho inapoota kando ya njia, ingekuwa ajabu asiione kabisa. Nakshi ilikuwa tayari inaelekea huko, halafu mtu akatazama chini akasema kumbe hili nalo linafanana, akachukua meno ya jani halisi akayabandika. Mjomba alipita siku hiyo.

Warumi ndo wakafungulia kabisa. Kwenye Ara Pacis, madhabahu ya amani ya Augusto pale Roma iliyozinduliwa mwaka 9 kabla ya Kristo, chini kuna kichaka cha akantho, kutoka hapo yanapanda mashina yanayojipinda, na kwenye mashina hayo yanachanua maua ya kila aina, ukifuatilia kwa kidole unakutana na jani hili, ua lile, mzabibu, juu yake wamekaa mabata maji wamefungua mbawa. Mashina yote yanatoka kichaka kimoja. Petali nyingi zimechongwa kwa uangalifu mpaka wanabotania wanaweza kuzitambua, ila mmea wenyewe haupo duniani. Kwa hiyo swali la "ni mmea gani" pale lina majibu mengi sahihi na bado ni swali baya.

Shina hilo lenye mawimbi, jani huku jani kule, limesafiri kuliko nakshi nyingine nadhani yoyote. Mashariki lilikwenda na dini ya Buddha kupita Asia ya Kati, na kufikia karne ya 5 lipo kwenye mapango ya Yungang kaskazini mwa Uchina, likizunguka sanamu za Buddha. Wajapani walipolipata wakaliita karakusa, yaani majani ya Kichina. Waturuki wa zama za Osmani wana majani yaliyopasuka mara mbili wanayaita rumi, yaani ya nchi za Rumi, zile zilizokuwa za Warumi, na ua kubwa la kubuni wanaliita hatayi, yaani la Uchina. Wazungu nao mashina ya Kiislamu wakayaita arabesko, ya Kiarabu. Unaona kinachoendelea? Kila mtu anasema hii kitu imetoka kwa jirani. Jina la nakshi huwa linakwambia nani alikuletea, halikwambii ilizaliwa wapi.

Na hapo kuna uzushi mmoja unaorudiwa sana, kwamba Waislamu waligeukia majani na maua kwa sababu dini iliwakataza kuchora viumbe. Ina ukweli nusu. Mizabibu na mashina yanayojikunja yalikuwa tayari yamejaa nchi zile kabla ya Uislamu, mafundi walewale na watoto wao waliendelea na kazi. Kuba la Mwamba pale Jerusalem, la mwaka 691 na 692, ndani lina michoro ya mimea na vito kwa vipande vya vioo, hakuna mtu wala mnyama. Lakini nenda kwenye ukuta wa kasri la Mshatta, uliojengwa Jordan miaka ya 740, ambao Sultani Abdul Hamid wa Pili alimpa Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1903 ndo maana uko Berlin. Kushoto kwa mlango, kati ya mizabibu, kuna ndege, simba na viumbe wa ajabu wanakunywa kwenye vyombo. Kulia kwa mlango, mizabibu ileile, viumbe hakuna, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nyuma ya upande huo ndo palikuwa na msikiti. Ukuta mmoja, mwaka mmoja, desturi mbili, inategemea unapamba chumba gani. Kwa hiyo katazo lilikuwepo mahali pake, ila halikuzaa mzabibu.

Ukitaka kujizoeza jicho, chukua chombo chochote cha kaure ya Kichina cha bluu na nyeupe chenye kile wanachoita shina la lotasi. Ua ni lotasi kweli, safari hii ya kweli. Sasa angalia majani. Yana ncha, yana vipembe, yanatoka kwenye shina linalotambaa kuzunguka chombo. Tumeshasema jani la lotasi likoje, duara kama mwavuli, na halitambai popote. Maana yake fundi aliweka ua la bwawani juu ya shina la zamani lililotoka magharibi, na hakuna mteja aliyelalamika kwa miaka mia kadhaa.

Sasa tuje kwa mjomba, maana zipo nyakati alikuja akakaa. Katikati ya karne ya 16 mafundi wa sultani kule Istanbul, wakiongozwa na mchoraji Kara Memi, walianza kuchora maua ambayo mtu wa mjini angeyataja kwa jina bila kufikiri: tulipa, waridi, haisinti, kanesheni. Yakajaa kwenye vigae vya mji wa Iznik, ingia msikiti wa Rüstem Paşa pale Istanbul utaona tulipa za kila namna kwenye kuta. Ila hata hapo angalia petali, nyembamba, ndefu, ncha kama sindano. Unaweza kudhani ni fundi kazidisha, kumbe wakulima wa maua wa Osmani wenyewe walizipenda hivyo, wakawa wanachagua na kuzalisha zinazozidi kuchongoka. Yaani hapo fasheni haikuishia kwenye kigae, iliingia bustanini ikabadilisha ua lenyewe. Waholanzi nao karne ya 17 waliishia kupagawa na tulipa zenye michirizi mpaka bei zikaporomoka Februari 1637, na ile michirizi waliyoilipia pesa nyingi ilikuwa dalili ya ugonjwa wa virusi, jambo lililokuja kujulikana karne ya 20. Hizo hizo za michirizi ndo utakuta zimechorwa kila mahali.

India, mwaka 1620, mfalme Jahangir alikwenda Kashmir msimu wa maua, akachanganyikiwa kwa uzuri, akaandika kwamba maua aliyochora Ustadi Mansur yamezidi 100. Baada ya hapo sanaa ya Wamughal, ukoo wake wa kifalme, ikajaa mmea mmoja uliosimama peke yake, mizizi chini, shina, maua machache, nafasi tupu pembeni. Unaonekana wa asili kabisa, kama umeng'olewa sasa hivi, isipokuwa watafiti wameonyesha kwamba namna ile ya kuupanga imeathiriwa na vitabu vya mimea vya Ulaya vilivyofika kwenye ikulu ile. Hata asili ilipitia karatasi.

Mmea huo uliosimama peke yake ndo mzazi wa lile umbo unalolijua wewe, lile kama korosho. Hapa naomba tukae kidogo, maana ni mfano bora kuliko yote.

Shali za Kashmir zilifumwa kwa manyoya laini ya mbuzi wa milima ya juu, kwa vibanzi vidogo vya mti vilivyofungwa nyuzi za rangi, mshindo mmoja baada ya mwingine kwa mkono, na shali ngumu ingeweza kumaliza mwaka na zaidi. Za karne ya 17 kwenye ncha zake kuna safu ya mimea midogo, kila mmoja peke yake, mizizi unaiona. Za katikati ya karne ya 18, maua yameongezeka, yamekuwa shada, wakati mwingine mizizi imegeuka chungu au sahani. Kichwa cha shada kinaanza kuinama upande, kama ua lililochoka. Endelea mbele mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, shada limebanana, limepata mstari wa kulizunguka, limekuwa kitu kimoja chenye tumbo chini na ncha iliyopinda juu. Mmea umekufa, umbo limezaliwa. Miaka ya 1850 na 1860 ncha imerefuka imekuwa mkia, inajizungusha shali nzima, ukimwambia mtu hii ilikuwa mmea wenye mizizi anakuona mwongo. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kama ni embe, au chozi, au mwali wa moto wa Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, au mti uliopindishwa na upepo, waambie wapange shali kwa miaka. Uajemi nako yalikuwepo maumbo yaliyopinda hivyo tangu zamani, sikatai yalisaidia kuvuta ile ncha, lakini hatua zenyewe unaziona kwenye kitambaa moja baada ya nyingine.

Na kilichosukuma hatua hizo ni nini? Wateja. Shali ziliingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, maofisa wa Napoleon wakarudi nazo kutoka Misri, Joséphine mke wa Napoleon akawa nazo nyingi, na magauni mepesi meupe ya wakati ule yalihitaji kitu cha kujifunika baridi. Viwanda vikaiga, Norwich na Edinburgh kwanza, halafu mji wa Paisley kule Uskoti ambao ulifanya kazi nyingi na kwa bei nafuu mpaka Waingereza wakaiita ruwaza yenyewe paisley. Ile mashine ya Jacquard ya mwaka 1804, inayoongozwa na kadi zenye matundu, ikawezesha nakshi kubwa na ndefu zaidi, wafanyabiashara wa Ufaransa wakaanza kupeleka michoro yao Kashmir ifumwe kule. Kwa hiyo Mfaransa anaiga Kashmir, Kashmir inafuma mchoro wa Mfaransa unaoiga Kashmir. Ukiuliza hapo ni ya nani, sijui utajibiwa nini. Ikafa karibu 1870, na sababu mojawapo ni ya kuchekesha, magauni yaliacha kuwa duara kama kengele yakahamishia ujazo wote nyuma kwenye makalio, shali ikawa haikai, tena inaficha kile mwanamke alichotaka kionekane. Vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 na 1871 ikamalizia soko.

Kuna watu wanadharau fasheni, wanasema ni mambo ya juu juu. Waulize wafumaji wa karne ya 17 na 18. Vitambaa vya pamba vya India vyenye maua ya rangi zisizochuja vilipoingia Ulaya, viwanda vya hariri na sufu vilitetemeka. Ufaransa ikavipiga marufuku kuanzia 1686 mpaka 1759. Uingereza ikazuia kuingiza mwaka 1700, ikaona haitoshi, mwaka 1721 ikakataza hata kuvivaa, sheria ikaja kufutwa 1774. Mwaka 1719 wafumaji wa London walikuwa wanawavamia wanawake barabarani na kuwachania nguo za maua walizovaa. Maua hayo hayo! Mtu anachaniwa gauni kwa sababu ya ruwaza.

Faida ya fasheni kwa anayesoma historia ni kwamba inaweka tarehe. Anna Maria Garthwaite, binti wa mchungaji, aliyeishi 1688 mpaka 1763, alichora dizaini za hariri mtaa wa Spitalfields London, na makumbusho ya Victoria and Albert yana zaidi ya 800 za mkono wake, nyingi zimeandikwa tarehe na jina la mfumaji aliyezinunua. Maua yake ni ya mjomba kweli, unaweza kuyataja. Sasa ipo picha ya mwanamke wa Philadelphia, Anne Shippen Willing, iliyochorwa na Robert Feke mwaka 1746, na hariri aliyovaa imetambuliwa ni dizaini ya Garthwaite ya 1743. Miaka mitatu kutoka kwenye karatasi London mpaka mwilini mwa mtu ng'ambo ya Atlantiki, kwa meli za tanga. Ila kuwa makini, tarehe ya kitambaa sio tarehe ya gauni. Hariri ilikuwa ghali, gauni lilifumuliwa na kushonwa upya kwa mtindo mpya, wakati mwingine na mtoto au mjukuu, kwa hiyo ua la 1743 linaweza kukaa kwenye mshono wa miaka mingi baadaye.

Karne ya 19 ugomvi ukageuka. Viwanda viliweza kuchapa waridi linalofanana na waridi kabisa, lenye kivuli na tone la umande, wakaliweka kwenye mazulia, na kikundi cha wasomi wa London kikakasirika: nani anataka kukanyaga waridi? Mwaka 1852 Henry Cole na wenzake walifungua kabisa chumba cha kuonyesha vitu vibaya, karatasi za ukutani, mazulia, mpaka taa ya gesi iliyotengenezwa kama ua ambalo moto unatokea katikati ya petali. Watu walikwenda kucheka, wenye viwanda wakalalamika, chumba kikafungwa haraka. Mbunifu Owen Jones akaweka msimamo huo kwenye kitabu mwaka 1856, kwamba ua halisi lisinakiliwe kama lilivyo, lifanyiwe kazi kwanza, lilainishwe, lipangwe kulingana na eneo linalopambwa. Kwenye kitabu hicho kuna mabamba, yaani kurasa za michoro, yanaonyesha majani yamelazwa bapa kama yamepitiwa na pasi, na bamba moja lilichorwa na Christopher Dresser, ambaye alisomea botania kwelikweli kabla ya kuwa mbunifu wa vyombo. William Morris naye anasifiwa kama mtu wa bustani, na kweli alikuwa, lakini mwaka 1875 alipotoa karatasi yake ya ukutani iliyohitaji mbao 30 za kuchapia, jani alilochagua lilikuwa lipi? Akantho.

Naona sasa unaelewa kwa nini programu inababaika. Ukikutana na nakshi, acha kwanza jina la mmea. Tazama shina linajikunjaje, jani limekaa kona gani, ua na jani ni vya mmea mmoja kweli au vimeokotwa sehemu mbili, halafu jiulize kabla ya hii palikuwa na nini mahali hapa. Jina la mmea likija baada ya hapo, sawa.

Na kama bado unataka kuona mmea halisi bila fundi kati, kuna Karl Blossfeldt. Alifundisha Berlin kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, akapiga picha maelfu ya machipukizi, mbegu na vikonyo, amevikuza mpaka mara 30, ili wanafunzi wa nakshi wajifunze kutoka kwenye asili yenyewe. Kitabu chake cha 1928 kilishtua watu, maana kichipukizi kinaonekana kama fimbo ya askofu na shina kama chuma cha geti. Mmea kama ulivyo, hatimaye! Isipokuwa Blossfeldt hakupiga tu alichookota. Alikuwa anachagua, anapogoa, anang'oa vijani visivyokaa vizuri. Ile ya akantho imo, na ukiitazama ni majani magumu yaliyopangana juu kwa juu kama kichwa cha nguzo, kwa sababu maua yake alishayaondoa kabla ya kubonyeza kamera.